Takwimu elezi, za uhusiano na hitimishi: niliyojifunza nikichambua data za tasnifu

Sura ya tatu ya karibu kila tasnifu ya sayansi ya jamii ina sentensi hii au pacha wake: "Data zitachambuliwa kwa kutumia takwimu elezi na takwimu hitimishi." Nami niliiandika, kwa sababu kila tasnifu niliyoisoma maktabani ilikuwa nayo. Msimamizi wangu aliipigia mstari na kuandika pembeni: "Ipi itajibu swali lipi?" Maneno manne tu, lakini kuyajibu kulinichukua sehemu kubwa ya muhula, fedha ambazo sikuwa nimezipangia, na usiku mwingi wa kujiuliza kama nitamaliza. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ana marundo ya madodoso mezani na hajui aanzie wapi.

Utafiti wangu ulihusu saa ambazo wanafunzi wanajisomea kwa wiki na alama zao za mtihani wa mwisho. Nilipokaa na lile swali la msimamizi, niligundua kwamba ndani ya mada moja nilikuwa nimefungasha maswali matatu yasiyofanana. La kwanza: wanafunzi hawa niliowafikia wanajisomea saa ngapi, na wamepata alama gani? La pili: je, kati ya hao hao, wanaojisomea zaidi ndio wenye alama za juu? La tatu: ninachokiona kwa hawa, je, kinashika pia kwa maelfu ambao sikuwafikia? Swali la kwanza ni la takwimu elezi, la pili ni la takwimu za uhusiano, la tatu ni la takwimu hitimishi. Vitabu vingi huziweka katika sura zinazofuatana, kwa hiyo wengi tunadhani ni ngazi: za mwanzo ni za wanaoanza, za mwisho ni za wataalamu. Si ngazi. Mtafiti anaweza kufanya kazi nzuri kabisa akaishia kwenye takwimu elezi, mradi swali lake liliishia hapo.

Nianze nazo, maana ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Kazi yake ni kusema yaliyomo ndani ya data uliyo nayo mkononi, basi: wastani, mediani (namba ya katikati zote zikipangwa), modi (inayojirudia zaidi), mtawanyiko, idadi na asilimia, majedwali na grafu. Haziahidi chochote kuhusu mtu ambaye hakujaza dodoso. Nilipoomba programu inipe thamani ya chini na ya juu ya kila kigeu (yaani kila kitu nilichopima, kama saa au alama), nikakuta mwanafunzi mmoja anajisomea saa 200 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Yamkini alikusudia 20 na sifuri moja ikazidi, lakini sikuwa na njia ya kumuuliza, kwa hiyo jibu lake la saa nililiweka kando na kulitaja wazi kwenye tasnifu. Namba hiyo moja ilikuwa imeuvuta wastani wa kundi lake juu, huku mediani ikiwa imetulia pale pale. Kama ningekimbilia majaribio ya kitaalamu bila kutazama chini na juu, saa 200 zingeingia katika kila hesabu iliyofuata.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, chapisha jedwali la kila kigeu: wangapi wamejibu, thamani ya chini, ya juu, wastani na mediani. Wastani na mediani zikiachana sana, simama utafute sababu.

Jambo jingine lililonigharimu ni aina ya vipimo. Kumbukumbu za mtihani nilizopewa mara ya kwanza zilikuwa na madaraja tu, A hadi E, bila alama zenyewe. Mwaka 1946 mwanasaikolojia S. S. Stevens aligawa vipimo katika aina nne, na mgawanyo huo bado unatumika: vya majina tu (kama jinsia), vya mpangilio (kama madaraja), vya nafasi sawa (kama nyuzijoto za Selsiasi), na vya uwiano vyenye sifuri ya kweli (kama saa za kujisomea). Daraja linakwambia nani yuko juu ya nani, halikwambii kwa kiasi gani. Wa 79 na wa 61 wanaweza kuwa daraja moja, na wa 80 akawa daraja jingine. Ukigeuza A kuwa 5 na B kuwa 4 kisha ukapiga wastani, unajifanya unajua umbali ambao hukupewa. Ilibidi niandike barua upya kuomba alama ghafi, nikasubiri wiki kadhaa huku kazi imelala. Omba namba ghafi tangu mwanzo. Namba ghafi unaweza kuzipanga katika madaraja jioni moja, ila madaraja hayarudi kuwa namba.

Kwa maswali ya "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa" niliamua kuonyesha ni wangapi walichagua kila jibu. Najua wengi hupiga wastani wakaandika 3.47. Mimi naona msomaji hafaidiki na 3.47 kama anavyofaidika akijua kwamba nusu walikubali na robo walipinga.

Sasa uhusiano. Hapa ndipo nilipohitaji karatasi na kalamu, kwa sababu programu ilikuwa inanipa majibu ambayo sikuweza kuyaeleza. Nilitunga mfano mdogo wa wanafunzi watano nikaukokotoa kwa mkono, nami nakusihi uufanye pia. Saa za kujisomea: 2, 4, 6, 8, 10. Alama, kwa mpangilio huo huo: 50, 45, 70, 65, 70. Wastani wa saa ni 6, wa alama ni 60. Toa wastani kwa kila namba. Saa zinabaki -4, -2, 0, 2, 4. Alama zinabaki -10, -15, 10, 5, 10. Zidisha jozi kwa jozi: 40, 30, 0, 10, 40; jumla 120. Kisha miraba, yaani kila baki mara lenyewe: ya saa inajumlika 40, ya alama 550. Zidisha 40 kwa 550 upate 22,000, ambayo kipeuo chake cha pili ni karibu 148.3. Gawa 120 kwa 148.3 na unapata 0.81. Hicho ndicho kipimo cha uhusiano kinachoandikwa r, kilichopewa sura yake ya leo na mwanatakwimu Karl Pearson miaka ya 1890 akiendeleza kazi ya Francis Galton. Kinatembea kati ya -1 na 1. Sifuri maana yake hakuna uhusiano wa mstari ulionyooka.

Nilipomaliza hesabu hiyo nikaona jambo ambalo hakuna mhadhara ulionionyesha: katika hatua zote zile sikumtaja mtu yeyote nje ya wale watano. Hiyo 0.81 ni maelezo ya data niliyo nayo, sawasawa na wastani wa 60. Kipimo cha uhusiano, kikiachwa kilivyo, ni takwimu elezi ya vigeu viwili kwa pamoja. Kinakuwa takwimu hitimishi pale tu unapouliza kama uhusiano huo upo pia katika jamii yote uliyochukulia sampuli. Mkanganyiko wa wengi unatoka hapa, na programu zinauchochea: zinachapisha r, thamani ya p (nitaieleza hapa chini) na idadi ya wahojiwa kwenye kisanduku kimoja, moja juu ya nyingine, kana kwamba zote zinasema jambo moja. Ya kwanza inaeleza ulichokiona. Ya pili inahoji kama ulichokiona kinaweza kuvuka mpaka wa sampuli.

Kabla ya kuiamini r, chora nukta. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11. Wastani wa zote ni 9 kwa kigeu cha kwanza na 7.50 kwa cha pili, na r ni karibu 0.82 katika zote nne. Ukizichora, ya kwanza ni wingu la nukta linalopanda, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyopotea njia, na ya nne ni nukta zilizosimama wima isipokuwa moja iliyokaa mbali peke yake na kuuzaa uhusiano wote. Nilizichora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba. Tangu hapo sijawahi kuandika r ambayo sijaiona kwa macho. Kama data yako ni ya mpangilio, au nukta zinapanda kwa mkunjo, kipo kipimo cha mwanasaikolojia Charles Spearman cha mwaka 1904, kinachotumia nafasi ya kila mtu badala ya thamani yenyewe.

Na usababishi? Kila kozi inaonya kwamba uhusiano si usababishi, nasi tunaitikia, kisha sura ya tano tunaandika "kujisomea kunaongeza alama." Katika mada yangu mishale ingeweza kwenda kila upande. Huenda kujisomea kunaleta alama. Huenda anayefaulu anatiwa moyo na kusoma zaidi. Huenda kuna jambo la tatu, kama mahali tulivu pa kusomea, linaloinua vyote viwili. Nilichochelewa kukisikia kikisemwa wazi ni kwamba hata takwimu hitimishi haziondoi utata huu. Watu hudhani p ikishuka chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka, uhusiano umepandishwa cheo na kuwa sababu. Hapana. Uwezo wa kuzungumzia sababu unatokana na jinsi utafiti ulivyopangwa, hasa kuwagawa watu katika makundi kwa bahati nasibu, jambo ambalo mwanatakwimu Ronald Fisher alilisimamia kwa nguvu katika kazi zake za miaka ya 1920 na 1930. Mimi sikumgawa mtu, niliuliza tu. Kwa hiyo nilipitia tasnifu nzima nikitafuta vitenzi: kila "kunasababisha", "kunaongeza" na "kunaathiri" nikakibadilisha kuwa "kunaendana na". Fanya upekuzi huo kabla mtahini hajakufanyia.

Sasa lile swali la tatu, ambalo lilinitesa zaidi. Thamani ya p niliielewa siku nilipochukua wale wanafunzi watano wa karatasini na kuchanganya alama zao. Wazo ni hili: kama saa na alama hazihusiani kabisa, basi alama yoyote ingeweza kumwangukia mwanafunzi yeyote. Alama tano zinaweza kupangwa kwa watu watano kwa njia 120. Unaweza kupitia zote ukiwa na subira. Katika hizo 120, njia 10 zinatoa r ya 0.81 au zaidi, na nyingine 10 zinatoa -0.81 au chini yake. Jumla 20 kati ya 120, karibu asilimia 17. Maana yake, hata kama hakuna uhusiano wowote, kuchanganya ovyo kunazaa uhusiano wenye nguvu kiasi hicho mara moja katika kila mara sita. Hiyo ndiyo p, nayo ni kubwa mno kwa mtu anayetaka kusema neno kuhusu wanafunzi wote. Jedwali la kawaida la vitabuni linasema vivyo hivyo kwa njia yake: ukiwa na watu 5, r inatakiwa ifike 0.878 ndipo ipite mpaka wa 0.05 wa pande mbili, yaani chanya na hasi.

Basi 0.81, ambayo machoni ni kubwa, haikuvuka. Geuza upande wa pili: ukiwa na watu 1,000, r ya 0.07 inavuka, kwa sababu mpaka umeshuka hadi karibu 0.062. Lakini piga mraba wa 0.07 upate 0.0049. Tofauti za saa zinaendana na nusu ya asilimia moja tu ya tofauti za alama. Ndiyo maana siku hizi sikubali kusoma p bila r, wala r bila idadi ya watu. Anayekwambia "uhusiano ni wa maana kitakwimu" akanyamaza hapo, hajakwambia kama ni mkubwa wa kujali.

Mahali ambapo mpaka kati ya kueleza na kuhitimisha unaonekana kwa jicho ni kwenye mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyosambaa kutoka kwenye wastani, na wengi wanaupita bila kuuona. Rudi kwenye zile alama tano. Jumla ya miraba ni 550. Ukigawa kwa 5 na kutafuta kipeuo, unapata 10.5. Ukigawa kwa 4, yaani idadi kasoro moja, unapata 11.7. Excel inazo zote mbili: STDEV.P inagawa kwa idadi kamili, STDEV.S inagawa kwa idadi kasoro moja. Ya kwanza ni ya mtu anayesema, "Hawa watano ndio wote ninaowazungumzia." Ya pili ni ya mtu anayewatumia hawa watano kukadiria wengi zaidi. Kwa nini kasoro moja? Kwa sababu wastani tuliotumia umetoka kwa hawa hawa watano, uko karibu nao kupita kiasi, na tofauti zao nao zinaonekana ndogo kuliko zingekuwa kutoka kwenye wastani wa kweli wa jamii nzima. Kupunguza kigawanyo kunafidia upungufu huo. Nilipolielewa hili, tofauti ya takwimu elezi na hitimishi iliacha kuwa ufafanuzi wa kukariri.

Hesabu ikikaa sawa, linabaki suala la sampuli, na hapa hakuna programu itakayokuokoa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zaidi ya milioni 10, nyingi kwa majina yaliyotoka kwenye orodha za simu na za wenye magari, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi sahihi. Mamilioni ya majibu hayakufidia kwamba waliofikiwa na waliojibu hawakufanana na wapiga kura wote. Sampuli yangu ilikuwa ya wanafunzi waliokuwepo darasani siku niliyoruhusiwa kuingia. Wasiohudhuria hawakuwa na nafasi ya kuchaguliwa, na pengine ndio wanaojisomea kidogo zaidi. Nililiandika hilo waziwazi, nikapunguza ukubwa wa madai yangu. Iliuma, maana nilitamani matokeo yangu yazungumzie wanafunzi wote, lakini mtahini aliposoma aya hiyo hakuwa na la kuongeza.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua kwa bahati nasibu, ichukue hata kama utapata watu wachache. Na jua bei ya usahihi kabla ya kupanga ukubwa: kwa asilimia inayokaribia 50, sampuli nasibu ya watu 400 ina kosa la makadirio la karibu pointi 5 kila upande kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kulipunguza kosa hilo hadi nusu kunahitaji watu 1,600. Mara nne ya kazi kwa nusu ya kosa.

Nimetaja fedha. Wapo watu wanaochambua data kwa malipo, na wakati fulani, muda ukinibana, nilimpa mmoja faili langu. Alirudisha rundo la majedwali ambamo kila kigeu kimehusishwa na kila kingine. Lilionekana kama kazi kubwa. Lakini vigeu 10 vinatoa jozi 45, na kwa mpaka wa 0.05, hata kama hakuna uhusiano wowote wa kweli, unatarajia jozi 2 hivi zipite zenyewe kwa bahati. Yeye alizipaka rangi zilizopita na kuziita matokeo. Sikuzitumia. Nilirudi kwenye maswali yangu matatu nikafanya majaribio yaliyohitajika na hayo tu. Kama ni lazima umlipe mtu, mpe maswali kabla ya faili, na umtake akueleze kwa maneno ya kawaida kila jedwali linajibu swali lipi. Kwenye utetezi utasimama wewe, yeye hatakuwepo.

Ile sentensi ya sura ya tatu niliiandika upya kwa urefu wa aya nzima: swali la kwanza litajibiwa kwa mediani, mtawanyiko na grafu; la pili kwa mchoro wa nukta na r; la tatu kwa thamani ya p pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya r hiyo, yaani kutoka wapi hadi wapi r ya jamii nzima inaweza kuwa kwa kadiri ya data. Hayo masafa ndiyo ninayopenda zaidi ya vyote, na nashangaa yanavyosahaulika. Kwa wale watano wa karatasini, r ya 0.81 ina masafa yanayoanzia karibu -0.26 hadi 0.99: data hiyo inakubaliana na uhusiano hasi hafifu, na pia na uhusiano unaokaribia ukamilifu. Kwa watu 1,000 wenye r ya 0.07, masafa ni kutoka karibu 0.01 hadi 0.13: uhusiano upo, na ni mdogo. Programu nyingi haziyaonyeshi mpaka uyaombe, kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho tafuta kisanduku chake kwenye menyu ya uhusiano ukiwekee alama.